Fahali Niliyemnywesha Magadi Mnadani

Nilikuwa najisifu kwamba hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani, na leo naona aibu hata kuliandika hilo: niliishia darasa la nne, nikaanza na mbuzi wawili, sasa nina nyumba ya bati Bariadi mjini na trekta (linaharibika kila msimu, lakini ni langu), nikajiona nimeshamaliza kusoma.

Binti yangu Mbuke anasoma kemia, mwaka wa kwanza chuoni. Alikuja likizo na daftari zake za asidi na besi, na siku moja akaweka magadi kwenye kikombe, akakamulia ndimu, povu likamwagika mezani.

"Unaona, baba? Asidi ikikutana na magadi inatoka gesi. Halafu kuna msawazo: ukizidisha upande mmoja, mambo yanasogea upande wa pili mpaka yatulie tena. Ndiyo maana maabara tunaongeza tone kwa tone."

Nikacheka. "Ada yote ile, kumbe mnafundishwa povu!"

Na ada ya muhula uliofuata ilikuwa imesimama zizini kwa miguu minne: fahali mwekundu, auzwe mnadani Jumamosi, Jumatatu Mbuke alipe, la sivyo jina lake linakatwa (hela ya pamba nilishaimaliza kwenye hilo trekta). Basi Ijumaa jioni nikafanya ujanja wetu wa kumjaza ng'ombe ili mnunuzi amwone mzito. Wenzangu huweka pumba kidogo na maji ya chumvi. Mimi, kwa ukubwa wangu, nikamwekea debe zima la mahindi.

Mnadani tajiri mmoja kutoka Lingeka alishafika milioni moja na laki sita, tunataka kushikana mikono, fahali akainamisha kichwa, mate yanamtiririka, hacheui.

"Mzee Masunga, dume lako linasinzia," akasema, akarudisha hela mfukoni.

Mbuke, niliyekuja naye mnadani, akamgusa fahali ubavu. "Baba, mahindi yamechacha tumboni. Hiyo ni asidi. Tumwite daktari wa mifugo."

Mimi nikasikia asidi tu, nikakumbuka kikombe, na wauza magadi wako pale pale, nikanunua kilo mbili nikazikoroga kwenye dumu.

"Baba, siyo yote! Na gesi itapita wapi kutoka? Tumbo limeshasimama!"

"Kabla hujazaliwa nilikuwa nawanywesha ng'ombe dawa!" nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mnada mzima. Nikamkamata fahali puani, nikammiminia mpaka dumu likakauka.

Haukupita muda ubavu wa kushoto ukaanza kupanda, ukapita mgongo, ngozi imekazana kama ngoma.

"Mzee, unajaza upepo tairi?" kijana mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko, hata mimi nikajichekesha (mtu ukiumbuka unafanyaje?). Kisha fahali akaanguka, ulimi nje, akitafuta pumzi asiipate, na kicheko kikakatika. Mbuke alikuwa amepiga magoti vumbini, anakandamiza lile tumbo kwa mikono yote miwili, analia. Daktari wa mifugo, aliyeitwa na watu wa mnada, alifika na chuma chake cha kutobolea tumbo gesi itoke, akamtazama jicho, akakirudisha kwenye mfuko. Nyama nayo akaikataza, tukaamriwa tumfukie.

Tulirudi nyumbani. Njiani hakuniambia "nilikwambia", na afadhali angeniambia. Jumatatu ikapita. Sasa anauza dukani kwa shangazi yake, chuo kimesema labda mwakani, na asubuhi akinisalimia "mwangaluka, baba" anaangalia chini, nami najibu nikiangalia pembeni.

Sitamlisha tena ng'ombe mahindi ya kudanganyia watu, na mtoto niliyempeleka shule mwenyewe akisema subiri, nitasubiri, hata mnada mzima unione mjinga. Mwaka wa Mbuke siwezi kuupigia hesabu. Fahali, magadi na vijana wa kuchimba shimo vilinigharimu shilingi milioni moja, laki sita na elfu hamsini na nne.