Moyo Bigi

Madaktari wetu na Kizungu chao watatuua. Juzi, kwenye duka la dawa pale Ruiru, cucu mmoja, bibi wa Kikuyu aliyekuja kuongezewa dawa, aligonga kaunta kwa furaha.

"Daktari aliangalia picha ya kifua, akasema ati moyo yangu ni bigi!"

Muuzaji alibadilika uso. "Cucu, hiyo bigi si sifa. Moyo umefura. Zile dawa ulimeza?"

"Nilipatia jirani zote. Yeye ndiye mgonjwa. Na moyo mkubwa hivi, ningemnyima?"

Muuzaji alimweleza tena, polepole, kwa Kikuyu. Cucu akaweka kiganja kifuani, macho yamemtoka.

"Ngai, Mungu wangu! Kwani jirani nimempea sumu?"

Kuhusu moyo wake mwenyewe, hakuuliza chochote. Sasa niambieni daktari alikosea wapi kusema moyo wake ni bigi.