Picha ya zizini iliganda kila baada ya dakika nne, na swichi haikuwa mbovu

Saa nne na dakika nane asubuhi, Alhamisi, skrini zote tatu ziliganda, daktari wa mifugo akiwa ameshika kisu kando ya ubavu wa ng'ombe.

Wakuu, habari za kazi. Naandika vile ilivyokuwa, pamoja na kosa langu.

Mimi hufunga mitandao hapa Kitale. Sikuisomea, nimejifunza kwa manual na kwa kuharibu vifaa vyangu mwenyewe.

Chuo kimoja cha kilimo upande wa Bungoma kiliniita. Zizi lao linatosha watu wanane, wanafunzi ni sitini. Walitaka kamera zizini na picha ionekane madarasa matatu.

Nilijaribu kila kitu dukani kwangu kwanza. Kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kamera na skrini, niliwasha DHCP snooping, ili anwani za mtandao zigawiwe na rauta moja tu, hata mwanafunzi akichomeka yake. Kisha IGMP snooping, ili picha iende kwa skrini iliyoiomba pekee.

Ilicheza siku mbili bila kukatika. Nikapakia, nikashuka Bungoma.

Alhamisi hiyo ng'ombe alishindwa kuzaa, ikabidi apasuliwe. Ganzi ilikuwa imeshaingia.

"Fundi, huyu ng'ombe hana pause," Madam Prinsipo akaniambia. "Hii ikikataa leo, beba vitu vyako na deposit urudishe."

Barasa, mtu wa IT wa chuo, ndiye aliyenipendekeza. "Si ulisema Kitale ilicheza siku mbili? Ama ng'ombe wa huko ni wapole?"

Yeye alishuku rauta za wanafunzi. Nikaangalia orodha ya anwani: iko sawa, zote zimetoka rauta ya chuo.

Nikazima skrini moja, nikaiwasha. Picha ikarudi. Nikatazama saa. Ikaganda tena baada ya dakika nne na sekunde ishirini.

Kifaa kibovu hakina ratiba. Hapo nikajua ni setting, tena yangu.

IGMP snooping huhitaji kifaa kimoja cha kuuliza kila mara, "nani bado anataka picha?" Skrini zikijibu, picha inaendelea. Asipokuwepo wa kuuliza, swichi inadhani zote zimeondoka, inazifungia.

Dukani, rauta yangu ndiyo ilikuwa ikiuliza, na mimi sijui. Ya chuo haifanyi hivyo.

Nikaingia swichi kuu, nikawasha querier, yaani swichi yenyewe iwe muulizaji. Nikasave, nikasimama darasani na saa mkononi.

Dakika nne na nusu. Tano. Kumi.

Ngozi ikipasuliwa, madarasa hayakuona. Ndama akivutwa nje na kupiga chafya, wote sitini waliona.

Barasa akaninong'onezea, "Sasa hata wa Bungoma amekuwa mpole, bana."

Nilichojifunza: ukijaribu kazi kwako, andika kila kifaa kilichokuwa mezani, hata kile ambacho hukukigusa. Kinaweza kuwa ndicho kilichokubeba.

Kama swichi yako haina querier kabisa, ulifanyaje? Niambieni hapa chini.

Deposit ambayo sikurudisha: shilingi 64,500.