Asante Zote Aliziandika Mjomba

"Shemeji, huyu ni dada yangu, si kinanda! Utambonyezabonyeza mpaka lini?"

Aliyefoka hivyo ni dada yake mkaza mjomba. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkoba bado begani, maji niliyomletea hajayagusa. Mjomba yuko kwenye kompyuta yake, miwani imeshuka puani, anagonga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa.

"Kaa kwanza, shemeji."

"Sikai! Nimekuja kumchukua. Nyumbani mama yupo, wadogo zetu wapo, hakosi wa kumgeuza. Hapa anashinda na nani? Na wewe unayeshinda kwenye friji za watu? Au na huyu?"

Huyu ndiye mimi. Nikaangalia dari.

Mkaza mjomba mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatuangalia mmoja mmoja. Kusema hawezi.

Mtaa mzima walikuwa wanamwita Redio. Asubuhi ukipita dirishani kwake ukienda kununua mkate, unaondoka na habari za kukutosha mpaka jioni, na mkate umeshausahau. Mjomba alikuwa anatamba kwa wenzake, "Yangu haitumii betri, na kitufe cha kuzimia sijakiona mpaka leo." Halafu kiharusi kikaja. Upande wa kulia ukalala, na maneno nayo yakaenda. Mdomo unafunguka, macho yanakwambia neno analijua kabisa, lakini halitoki. Nyumba ikawa kimya, mpaka unasikia bomba la jirani linavyodondosha.

Sasa, mjomba ni fundi friji, lakini kwaya ndiyo ugonjwa wake. Ndiye anayewaandikia wenzake noti. Na hachori kwa mkono. Kompyuta yake ya mtumba ina programu moja hivi, unaandika muziki kama unavyoandika meseji. Herufi ndiyo noti, namba ndiyo urefu wake, chini unapanga maneno umeyakata vipande. Ukisahau kufunga bano moja tu, inagoma, inakutapikia maandishi mekundu skrini nzima. Ukipatia, inakutolea karatasi safi ya noti, na wimbo inaupiga yenyewe. Mimi shule niliikimbia mapema, lakini nikimwangalia akiandika nilikuwa naelewa.

Siku moja alikuwa anaisikiliza sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, ajue wapi amekosea. Tukasikia mtu anaimba chumbani. Maneno yote, ubeti mzima, bila kukwama. Mjomba aliangusha kikombe. Tulimkuta mkaza mjomba kitandani anaumalizia wimbo. Ulipoisha akataka kutuambia kitu, akakwama tena. Nesi wa kliniki alikuja kutuambia kwamba huwa inatokea, kichwani kuongea na kuimba havipiti mlango mmoja.

Basi mjomba akaanza kumwandikia maneno ya kuishi nayo. "Naomba maji." Noti tano, zinapanda na kushuka kama mtu anavyoomba maji kweli. Kompyuta inapiga, mke anafuata, inapiga, anafuata, mpaka anaweza peke yake. Akaandika "Naumwa mguu." Akaandika "Nimeshiba," "Zima taa," "Asante baba." Na msidhani alikuwa anaimba tu bila akili. Mjomba akianza zile hadithi zake ndefu za friji, mkewe anaimba "Zima taa," mchana kweupe! Tunacheka mpaka tunashika mbavu, na yeye anacheka kwa nusu ya uso iliyobaki.

Dada yake siku hiyo hakuwa wa kucheka. Alisogea mpaka kwenye skrini, akainama, akasoma.

"Na-ba-ki ha-pa. Ndiyo wimbo wa leo huu?"

"Nilitaka tumuulize mwenyewe."

"Utamuulizaje mtu uliyempa jibu moja? Asante umemwandikia. Sitaki iko wapi, shemeji? Mwanamke aliyekuwa anabishana hata na mvua, leo hana sitaki hata ya kuazima!"

Mjomba alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Neno lilikuwa limemwingia.

"Umesema kweli," alisema taratibu.

"Mwandikie na la kuondoka. Akichagua kubaki, naondoka peke yangu, na hamtanisikia tena na habari hizi."

"Na akichagua kwenda?"

"Nikimchukua utalia?"

Mjomba akaigeukia kompyuta. Akaandika: ni-pe-le-ke-ni kwe-tu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona. Kila noti ameiwekea alama ndogo juu, kama mkia wa panya. Alama ile inapandisha noti mpaka juu kabisa, kule wanakofika wasichana wa sauti ya kwanza. Kompyuta ikapiga. Mkaza mjomba akafungua mdomo, akajaribu, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Hawezi," alisema mjomba, haangalii mtu usoni.

Dada mtu muziki haujui, akaanza kulegea. Mimi nikaangalia dari tena. Mjomba akabaki anamwangalia mkewe anavyohangaika na wimbo usiofikika. Kisha akageuka, akafuta ile mikia mmoja baada ya mwingine. Wimbo ukashuka mpaka kwenye sauti ya mkewe, pale pale alipokuwa anaongelea zamani dirishani.

Safari hii akaufuata mara ya kwanza tu.

Wakarudia nyimbo zote mbili, ya kubaki na ya kwenda, mpaka akaziweza. Mjomba akazima spika. Akapiga goti mbele ya kiti, akaushika ule mkono uliolala.

"Mama, hapa hakuna wa kukukasirikia. Unataka nini?"

 Mkaza mjomba akampangusa paji la uso kwa ule mkono mzima. Halafu akaimba, polepole, kila kipande mahali pake:

"Nipelekeni kwetu."

Dada yake akakaa chini, yeye aliyekataa kiti toka afike. Akajifunika uso na khanga.

"Kwa nini, mke wangu? Nimekukosea? Au unanihurumia? Niambie."

Midomo ikatafuta, ikatafuta. Haikupata. Akaigeukia kompyuta, akaikazia macho, kama anasubiri aandikiwe.

Mjomba akarudi kwenye kiti chake. Akaandika noti chache, akazifuta. Akaandika nyingine. Mstari wa maneno ukabaki mtupu. Angeandika nini? Sababu alikuwa nayo mkewe, na hakuna aliyemtungia wimbo wa kuisema.

Simu ikalia. Duka la dawa, jokofu la chanjo limekufa, wanaomba afike haraka.

"Nakuja," alisema mjomba. Akasimama, akatafuta mkoba wake wa spana. "Shemeji, sweta zake ziko sanduku la chini. Mguu ule anakandwa asubuhi na jioni, kwa mafuta ya uvuguvugu, siyo ya moto."

Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka.