Kamba ya Mafundo Mawili

Fundi huyu wa Kakamega hana haja na futi. Mfukoni ana kamba yenye mafundo mawili. Fundo la chini ni kimo cha jiwe la njia ya Navakholo, na tumbo la gari lake la kila siku, Probox, sharti lipite juu yake. Fundo la juu ni kimo cha goti la mamake, na kizingiti cha mlango kisilivuke. Mara tatu ameliinua gari kwa kulifunga springi kuukuu za pikapu, akilala chini ya gari, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Jumapili hii alilipitisha gari juu ya jiwe, na jiwe halikugusa kitu. Mama akapanda.

"Iko sawa, mwanangu. Twende, tusichelewe kanisa."

Fundi hakuutazama uso wake. Aliutazama mkono wake uliong'ang'ania mlango ili kujivuta juu.

"Shuka kidogo, Mama. Bado."

Akavua shati la kanisani, akaingia chini ya gari.