Gladys Akidor na Klachi Iliyoteleza

Tarehe 19 Mei 2023, Gladys Akidor Lowoi aliandikishwa kuwa mmiliki wa tatu wa pikipiki ya cc 600, silinda nne, iliyokuwa imetembea kilomita 31,406. Wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo wa Nanyuki. Wa pili alikuwa mwanamume wa Nairobi ambaye, ukipima ugumu wa springi alizofunga mbele, hakupungua kilo mia.

Akidor ana kilo hamsini na nane. Ana umri wa miaka thelathini na minane, anaishi mtaa wa Wabera mjini Isiolo, na jirani zake wanamwita Mama Ekiru. Kazi yake ni kutengeneza majokofu ya chanjo katika zahanati za kaunti. Ni kazi ya kusoma kipimajoto na kuandika ulichokiona, hata kama ulitarajia kingine. Pikipiki aliishughulikia vivyo hivyo.

Alianza na matairi. Vijana wa bodaboda kwenye steji walimhakikishia kwamba ni mapya, kwa sababu meno yake yalikuwa marefu. Akidor alipiga magoti, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma, akawaonyesha tarakimu nne: 1814.

"Wiki ya kumi na nane, mwaka wa 2014," alisema. "Hii mpira ina miaka tisa. Imekauka."

"Mama Ekiru, hata mimi ni wa zamani na bado nashika barabara," mmoja akajibu, na wenzake wakacheka.

Matairi yalibadilishwa. Ikafuata mipira ya breki, oili ya breki, cheni na spoketi zake mbili. Springi za mbele zilizua ubishi. Fundi wake, Wario Denge, ana gereji ya mabati nyuma ya msikiti wa mtaa, na wateja wake karibu wote hubeba mizigo: miraa, mbuzi, mitungi ya maji. Kwa miaka kumi na mitano ombi ambalo Wario amelisikia ni kuongeza ugumu. Akidor alimwomba aupunguze.

"Sijawahi kulegeza springi ya mtu," Wario alisema. "Watu watasema nimeharibu."

Akidor alifunga uzi mwembamba wa plastiki kwenye bomba la springi ya mbele, uonyeshe springi inazama kiasi gani, akaendesha hadi njia ya Burat na kurudi. Uzi ulikuwa umesukumwa vidole viwili tu. Baada ya springi laini kufungwa, ulisukumwa vidole vitano. Wario akaomba aachiwe ule uzi.

Kitu kimoja tu kwenye orodha yake ya vipuri hakikuwa na sababu ya kipimo, nacho ni ekzosi, bomba la moshi. Ile iliyokuja na pikipiki ilikuwa nzima, yenye sauti ya chini kama ya cherehani, na steji nzima ilimdhihaki kwa ajili yake. Akidor aliagiza nyingine kutoka duka moja la Nairobi, akaiandika ya mwisho. "Niliitaka ile sauti," anasema. "Sina maelezo mengine."

Mwezi wa Agosti alipigiwa simu. Kila Septemba waendesha pikipiki kubwa kutoka Nairobi hupita Isiolo kwenda Marsabit. Hujaza mafuta, hunywa soda, huondoka. Hakuna mtu wa Isiolo aliyewahi kuwamo katika msafara huo. Mwaka huu walimtaka Akidor atangulie kutoka Isiolo hadi Marsabit, maana barabara ile anaipita kikazi na anajua ngamia huvukia wapi na upepo wa ubavuni huanzia wapi. Sharti lilikuwa moja. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya safari, mkaguzi wao angeijaribu pikipiki yake. Ikishindwa, kuna mwanamume wa Nanyuki aliyekuwa tayari kushika nafasi hiyo.

Jumapili, siku kumi na tatu kabla ya safari, Akidor alibadilisha oili ya injini. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la Isiolo hasa. Mjini humu, neno la mwisho kuhusu injini na mwendo kasi ni la madereva wa pikapu za miraa. Wakisema kitu, mafundi hunyamaza. Jirani yake Mbaabu ni mmoja wao. Huteremka kutoka Maua kila siku kabla majani hayajanyauka, na wivu wa wenzake ndio ushahidi wa kasi yake. Mbaabu alimletea galoni ya oili kama zawadi ya safari.

"Hii ndiyo pikapu yangu inakunywa," alimwambia. "Nyepesi kama maji. Utapaa, Mama Ekiru."

Akidor, ambaye hafungui kisanduku cha chanjo bila kusoma karatasi yake, aliimimina bila kusoma galoni.

Jumatano, akipanda kilima upande wa Leparua, alifungua mafuta akiwa gia ya tano. Injini ilinguruma, mshale wa mizunguko ukaruka, lakini mwendo haukuongezeka. Alipunguza, akajaribu tena. Ikawa vilevile. Aligeuza akaenda moja kwa moja kwa Wario.

"Salaam aleikum, Wario."

"Aleikum salaam, Mama Ekiru. Uso huo si wa chai."

"Klachi inateleza."

Wario alirekebisha kebo. Wakatoka kuijaribu, bado ikateleza. Akamuuliza ni nini kimebadilika siku hizi. Akidor aliikumbuka galoni ya Mbaabu. Alikwenda nyumbani, akarudi na galoni tupu na kusoma maandishi ya nyuma, safari hii polepole. Yalieleza kwamba oili ile ina dawa ya kupunguza msuguano, kwa injini za magari. Alama ya oili ya pikipiki haikuwepo.

Mbaabu alifika kuona mambo. "Mbona gari yangu haijawahi kulalamika?"

"Klachi ya gari yako inakaa mahali pakavu," Akidor alimjibu. "Yangu inaoga oili hiyohiyo ya injini. Msuguano ukipungua, haishiki."

"Kwa hivyo mimi ndiye mbaya?"

"Hapana. Wewe ulileta. Mimi ndiye nilimimina."

"Haya basi," Mbaabu akasema, akachukua galoni yake tupu. "Lakini kasi ilikuwepo, si ndiyo?"

"Ya injini. Mimi nilibaki pale pale."

Walimwaga oili, wakaweka ya pikipiki, wakaendesha, wakamwaga tena. Utelezi ulipungua lakini haukwisha. Wario alifungua klachi na kupanga pleti mezani juu ya gazeti. Akidor alizipima unene moja moja. Zote zilikuwa ndani ya kipimo, lakini zilikuwa zimenyonya ile oili.

"Tuzioshe na petroli, tuzikwaruze na msasa," Wario alisema. "Boda nyingi natengeneza hivyo. Mpaka Marsabit itafika."

"Na ikifika, itarudi?"

Wario alifuta mikono. "Hiyo siwezi kuapa."

Ekzosi ilikuwa bado dukani Nairobi, imefungwa tayari kutumwa. Akidor alipiga simu akiwa amesimama palepale mezani, akaomba wabaki nayo, na kwa pesa zilezile watume seti ya pleti na springi za klachi. Mwenye duka alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alimjibu ndiyo mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu, ili vijana wa steji waliokuwa mlangoni wasikie na wamalize vicheko vyao mapema.

Kifurushi kilifika kwa basi Jumatano iliyofuata. Pleti zililazwa kwenye oili mpya tangu jioni hadi asubuhi, kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza, kisha wakazifunga.

Mkaguzi, Ntongai, fundi mstaafu kutoka Meru, alifika Ijumaa saa kumi na moja. Hakusifia chochote. Alisoma tarakimu za matairi, akavuta cheni, akabonyeza breki, kisha akaitoa pikipiki kwenye barabara ya Moyale. Akiwa gia ya tano, kilomita sitini kwa saa, alifungua mafuta yote. Mshale na mwendo vikapanda pamoja.

"Nani alipanga hizi springi za mbele?" aliuliza aliporudi.

"Mimi," Wario alisema, kabla Akidor hajafungua mdomo.

Ntongai alitia sahihi. Mmoja wa vijana wa steji alilalamika kwamba mashini kubwa namna hii itapita Marsabit na hakuna atakayeisikia.

"Wataiona," Akidor alimwambia. "Itakuwa ya kwanza."

Kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ataondoka Isiolo akitangulia pikipiki kumi na saba kwenda Marsabit. Jumatatu atakuwa zahanati ya Leparua, ambako jokofu moja linasubiri kipimajoto kipya.