Kutafuta Sahihi Ziwani na Wakili Mwakio

Nilikwenda ziwani kwa sababu ya kifungu kimoja cha sheria. Mwaka wa 1992, vyama vingi viliporudi, katiba ilibadilishwa ili atakayekuwa rais apate, juu ya kuwashinda wenzake, angalau robo ya kura katika mikoa mitano. Wakili Nathaniel Mwakio, aliyefundisha sheria chuo kikuu miaka mingi kisha akastaafu na kurudi kwetu Taita, alikisoma kifungu hicho akakipenda kama mtu anavyopenda shamba lake. "Mwalimu Wakesho," aliniambia, "wameandika wenyewe kwamba rais si wa mkoa mmoja. Basi tuwashike kwa maneno yao." Mwezi uliofuata akajitangaza kuwa mgombea.

Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, na ndimi niliyemwandikia kijitabu chake cha Kiswahili kinachoeleza katiba kwa maneno ambayo hata babangu angeyaelewa. Chama kilichomsimamisha kilikuwa kidogo. Mkutano wake mkuu ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, na viti vikabaki. Sheria ilimtaka mgombea apeleke sahihi za wapiga kura wanaomuunga mkono, na Wakili angeweza kuzipata zote Taita bila kuvuka daraja. Alikataa.

"Nikikosa mtu wa kuniandikia jina lake Nyanza kule ziwani," alisema, "robo ya kura huko nitaipata wapi?"

Watu wa nyumbani walituonya. Nyanza, walisema, ina mtu wake na chama chake, na mgeni akisimama kuomba kitu cha siasa atarudi na vioo vya gari vimevunjika. Nilifunga mkoba wangu hivyo hivyo.

Tuliondoka Nairobi alfajiri kwa pijo yake kuukuu, yeye akiendesha mwenyewe na mimi nikishika faili la karatasi za sahihi mapajani. Saa tano tulikunywa chai Kericho, kwenye baridi. Kisha barabara ikaanza kuteremka, koti likavuliwa, tai ikafuata, na tulipofika Ahero kwenye mashamba ya mpunga Wakili alikuwa amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko huku akijifunza kusema "Misawa", salamu ya Kijaluo. Aliisema vibaya kila mara, na kila mara akaniuliza kama sasa ni sawa.

Kisumu, saa tisa alasiri. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Pamela Achieng', mjane niliyejuana naye katika mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliishi Obunga, na kazi yake ilikuwa kukaanga mgongo wazi. Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, na kinachobaki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, huuzwa kwa akina mama kama yeye. Tulimkuta mbele ya karai kubwa, moshi ukimzunguka, wateja wakisubiri na sahani zao.

Alitupakulia na ugali. Wakili, ambaye alikuwa akiogopa mifupa ya samaki tangu utotoni, alikula polepole kama mtu anayesoma mkataba.

"Wakili," Mama Pamela akamwambia, "huku tuko na mtu wetu. Huyo usimguse."

"Sikuja kumgusa mtu, Mama."

"Watakuuliza umetumwa na nani."

"Nitawaambia sikutumwa."

Mama Pamela alimtazama, akacheka. "Hiyo ndiyo kila mtu aliyetumwa husema. Afadhali niende na nyinyi. Hiyo Kiswahili yenu ya kitabu itawachosha watu."

Katito, siku ya soko. Wakili alikuwa amemwandikia mkuu wa tarafa kuomba leseni ya mkutano, maana siku hizo hungeweza kukusanya watu bila hiyo, na hakujibiwa. Alisimama kando ya magunia ya mahindi, bila kipaza sauti, akaanza kuongea na watu waliokuwa karibu. Mama Pamela alitafsiri pale ilipobidi. Watu walikuwa wameanza kusogea wakati askari wawili wa utawala walipofika.

"Leseni iko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Niliomba, afande. Sikupewa."

"Basi hakuna mkutano. Tawanyikeni."

Niliona vijana wa chama cha huko wakitabasamu. Hawakuwa wamependezwa na sisi, lakini kumwona mzee wa suti akifukuzwa kama wao kuliwafurahisha. Wakili hakubishana na askari. Aliwageukia watu na kuuliza swali moja tu: "Kabla sijaondoka, nani hapa amewahi kunyimwa leseni?"

"Sisi kila siku!" vijana wakapaza sauti.

Ndipo nikasikia sauti nzito nyuma ya magunia. "Hata mimi."

Watu wote waligeuka. Aliyesema alikuwa Mzee Okelo, mwenye mahindi yale, naye, Mama Pamela alininong'oneza, ndiye mwenyekiti wa chama tawala upande huo. Watu wengi pale hawakuwa wakimsalimia tangu vyama viingie. Alisimama akapangusa unga mikononi.

"Nilifanya harambee ya paa la kanisa," alisema. "Si siasa. Paa. Chifu hakunipenda, akaleta askari, akasema sina leseni. Mbuzi watatu wamepikwa, wageni wamefika kutoka Kisii, wakarudishwa. Na mimi ndiye mwenyekiti! Ile nyama nilibaki nikiiangalia."

"Hukubaki ukiiangalia, Mzee," kijana mmoja akadakia. "Tuliikula sisi."

Soko zima likaangua kicheko, na Mzee Okelo mwenyewe akacheka hadi akashika gunia. Yule askari mkubwa aligeuza uso kuficha meno. "Dakika kumi," alimwambia Wakili. "Halafu sitaki kukuona."

Katika dakika hizo Wakili aliwaeleza kwamba kunyimwa leseni hakumchagui adui wa serikali peke yake, bali humpata yeyote aliyekosana na mwenye kuitoa, na kwamba yeye anataka jambo hilo liondolewe katika sheria, nani akitawala na nani asitawale. Mzee Okelo aliniomba kalamu. Aliandika majina yake matatu, akaweka sahihi ndefu. Baada yake wakapanga foleni vijana wa chama kingine, wakaandika chini ya jina la mtu ambaye asubuhi ile hawangemuazima kiberiti. Karatasi ile niliikausha kwa pumzi yangu kabla ya kuirudisha ndani ya faili.

Tulirudi Obunga tukiimba. Mimi nilidhani kazi imekwisha kuwa rahisi.

Usenge, asubuhi ya pili yake. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu ufuo mzima, waking'aa, na akina mama walikuwa wakiwageuza kwa mikono. Kabla Wakili hajamaliza "Misawa" yake, mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani alitujia, akalichukua faili mkononi mwangu kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni. Lakini hakuturudishia. Huyu alikuwa Bwana Ouma, mwenye mashua kadhaa na katibu wa chama cha huko pale ufuoni.

"Tumesikia habari yenu ya Katito," alisema. "Mzee, wewe umetumwa kukata kura zetu. Kura kumi hapa, ishirini kule, na mtu wetu anakosa. Hizi karatasi hazitoki hapa."

Sahihi zote za Katito zilikuwa ndani, na siku za kuwasilisha majina zilikuwa zimekaribia. Wanaume wengine walikuwa wamesogea, na hakuna aliyekuwa akicheka. Nilinyoosha mkono kulivuta faili, lakini Wakili alinizuia. Alivua miwani yake, jambo alilolifanya kila alipotukanwa.

"Sikutumwa," alisema. "Lakini siwezi kukuthibitishia, na ningekuwa wewe ningeshuku vilevile. Kaa nazo. Ndani kuna kijitabu changu. Kisome. Ukiona ni ujanja, zichome."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Ouma. Tuliketi juu ya mashua iliyopinduliwa huku Ouma akisoma, midomo ikicheza, na Mama Pamela akibishana na akina mama wa omena kwa Kijaluo. Baada ya muda walikuja wote pale tulipokaa, wakiongozwa na mama mmoja mpana wa mabega aliyeitwa Mama Risper.

"Mwaka jana chifu alifunga hii soko yetu siku tatu," alimwambia Wakili, "kwa sababu hatukuchanga pesa ya kupokea mkubwa fulani. Omena yangu ilioza. Ningeshtaki nani?"

Wakili alimweleza polepole. Chifu yuko chini ya mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya chini ya mkuu wa mkoa, na wote wanashikiliwa na kiti kimoja kule juu, ambacho katiba imekipa nguvu ya kumweka mtu na kumtoa bila kumuuliza yeyote.

Mama Risper alifikiri. "Kwa hivyo hata mtu yetu akipata hicho kiti, atakuwa na hiyo nguvu yote?"

"Atakuwa nayo yote."

Mama Risper akamgeukia Ouma. "Umesikia?"

"Mtu wetu ni mzuri," Ouma alijibu bila kuinua macho kwenye kijitabu.

"Ni mzuri sana. Na siku hayuko? Atakaa nani hapo?"

Ouma aligeuza ukurasa, akasoma tena, na sisi sote tukamtazama akisoma. Mwishowe aliinuka, akaja hadi kwenye mashua, akaniwekea faili mapajani. "Mimi sitii sahihi," alisema. "Lakini wasiseme nimezuia mtu. Nipatie vijitabu vingine vitano, nitavisoma kwa mkutano wetu."

Mama Risper alikuwa wa kwanza. Alipomaliza kuandika jina lake alimtolea Wakili kidole. "Sahihi nakupatia. Kura, hapana. Kura ni ya mtu yetu. Lakini hii maneno yako lazima ifike huko mbele, hata yeye aisikie."

"Nimeelewa, Mama," Wakili alisema, na akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Njiani kurudi, tulipoupanda mlima wa Kericho, nilimtolea dukuduku langu. Tumesafiri siku nne ili tuambiwe hapana? Wakili alicheka. "Mwalimu, Mzee Okelo na wale vijana wameandika kwenye karatasi moja. Mimi nilikuwa nimeambiwa hata kuniruhusu nishuke garini hawatakubali."

Wakili alishindwa, na robo ya kura ya Nyanza hatukuikaribia. Lakini mtu akiniuliza leo kama mgombea asiye na chama kikubwa wala kabila kubwa anaweza kusikilizwa na watu wa vyama vyote, nitamjibu kwamba anaweza, na mimi nilikuwapo. Aanze na jambo lililowauma wote, awaachie karatasi zake waisome nia yake. Kura ni imani, nayo haipatikani kwa safari moja ya pijo. Anayeitaka aanze mapema kuliko tulivyoanza sisi, na arudi mara nyingi. Sisi tulichelewa. Hatukukosea njia.

Siku ya kuwasilisha majina nilisimama nyuma ya Wakili mbele ya meza ya afisa wa uchaguzi. Afisa alizipitia karatasi moja moja, akafika zile za Katito na Usenge, akaona majina ya watu wa Nyanza, akasita, akainua kichwa.

"Hawa wote ni wanachama wenu?"

"Hapana, bwana," Wakili alijibu, akijinyoosha kwa fahari ambayo sijamwona nayo tena. "Hata mmoja."

Afisa akachukua muhuri, akagonga.