Memori Imejaa, Toa Waliokufa

Mnisamehe mwandiko huu na maneno nitakayokosea. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole.

Tulikuwa kwenye chama cha wakulima wa kahawa, karibu na Tala, mimi na mama. Baba alikuwa amefariki, na kahawa yetu haingepimwa mpaka namba yake ya uanachama ihamishwe iwe ya mama. Gunia la matunda mabivu lilikuwa miguuni petu. Kahawa iliyochumwa haingoji, ikilala inachacha.

Karani, msichana wa rika langu, alituambia tusubiri. Jana yake stima ilikuwa imepotea ghafla, kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikikagua rekodi za wakulima wote, ione kama kuna zilizoharibika. Tangu asubuhi ilikuwa imekwama palepale.

"Memori imejaa," alisema.

"Hata mimi nikihesabu mbuzi wote mara moja, nasinzia," mzee mmoja kwenye foleni akasema. Watu wakacheka.

Mwenyekiti akatoka ofisini kwake. "Imejaa? Si utoe waliokufa! Hao hawaleti kahawa."

"Mzee, memori si stoo," karani akasema. "Ni kama meza ya kuanikia. Rekodi ziko stoo, lakini kuzikagua lazima zianikwe, na meza yetu ni ndogo. Ukitoa magunia mawili stoo, meza haiongezeki. Afadhali tukague kidogo kidogo."

"Wewe utanifundisha kuanika kahawa? Toa."

Mimi mbele ya watu sauti hainitoki. Mama ndiye aliyesema, "Mwenyekiti, mume wangu yumo humo. Ngoja kwanza."

"Mama, wewe utaandikwa upya. Usijali."

Karani akausimamisha ukaguzi, akawafuta waliokufa, akauanzisha tena huku mwenyekiti amemsimamia. Tukangoja. Kisha akasoma kwa sauti ndogo: "Memori imejaa."

Mama akataja namba ya baba. Haikuwepo. Sasa mama ni mwanachama mpya, na wapya hukubaliwa kwenye mkutano mkuu tu.

Nililibeba gunia kurudi nyumbani. Maji ya kahawa yalinichuruzikia mgongoni, yananuka pombe.

Kama wewe unayesoma umewahi kufanya kazi na kompyuta za namna hii, tafadhali niandikie. Mtu aliyefutwa hivyo anaweza kurudishwa? Niandikie hata kama jibu ni hapana.